Ruhusa ya Kisima cha Syombua

Siku yangu ya kwanza kazini, ukiacha watu wa kamera, tulikuwa watano pale kwa mto mkavu, upande wa Kambu: Chifu Musembi, ambaye ni mtoto wa binamu yangu; Mutinda, msimamizi wa mahali pa kupigia filamu, aliyeoa mpwa wangu Mwikali; Ingrid, mzungu mwongozaji wa filamu; mimi; na wifi yangu Syombua. Huyo alikuwa ameketi ndani ya kisima.

Mutinda alikuwa ameniandika kazi ya kuwaombea ruhusa kwa wenye mahali. Mjue, wajukuu, kibali cha filamu ya wageni kina ngazi: serikali Nairobi, kisha kaunti, kisha chifu, halafu mwenye mahali. Mihuri yote Mutinda alikuwa nayo. Lakini kisima cha mchangani, shimo la maji katika mchanga wa mto, ni cha aliyekichimba, na miiba aliyokizungushia ndiyo mlango. Asubuhi hiyo watu wa kamera waliiondoa, eti inaziba picha. Mbuzi wakaingia. Ulikuwa ukame, na Syombua hakuwa na maji mengine, ndipo akaingia kuyalinda.

"Mama, toka tafadhali. Barua ya Nairobi tunayo," Mutinda akasema.

"Hiyo barua ilichimba?"

Chifu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Tusipopiga picha leo, hawa wageni wanahamia nchi nyingine," Mutinda akaninong'oneza. "Hata wewe kazi imeisha."

"Imeisha na hata chai sijakunywa!" Nikainama pale ukingoni. "Wifi, hawa wanataka picha tu."

"Picha hainywi maji. Mbuzi ndio wananinywea yangu."

Ingrid, aliyekuwa mwekundu kwa jua, akashuka kisimani mwenyewe, akachutama, akaonyesha kibuyu cha Syombua, kisha koo lake. Kwetu mwenye kiu hanyimwi. Syombua akachota, akampa, akamwangalia mpaka akamaliza.

"Sasa huyu ameomba," akasema. "Rudisheni miiba, mpige picha nayo ikiwa hapo hapo."

Wakapiga.

Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, Kitui mpaka Kiboko, chini ya Mutinda na baadaye Bi. Nthenya aliyeshika nafasi yake, na kila boma nilianza kwa kuomba maji. Magoti yalipokataa, nikaacha. Ile filamu sijawahi kuiona. Mpaka leo najiuliza: hao wa ng'ambo walipoona miiba, walidhani ni ya nini?

Kama kuna jina nimekosea, nirekebisheni. Mutinda anakaa mji wa Salama, atawaambia kama kweli tulikuwa watano. Lakini kwa Syombua msifike na maswali mkiwa mmesimama. Ombeni maji kwanza.