Kahawa ya Jumamosi

Elinipa Abdiel alikuwa na ulimi usiodanganyika na hakujua pa kuupeleka. Misimu mitatu alionja kahawa kwenye mtambo wa kumenyea wa kijijini kwao, Meru mlimani, mpaka mwenye mtambo alipouza akahama. Sasa alikaa mjini, mtaa wa Engutoto, kwa binamu yake Vaileth, akimsaidia kuuza vitenge na kuiona miaka ikimpita.

Vaileth ndiye aliyemfungulia ukurasa LinkedIn, mtandao wa kutafutia kazi. "Huko ndiko mabosi wanakoshinda," alimwambia. Mahali pa kueleza anachotafuta, Elinipa akaandika: Natafuta kazi yoyote halali. Kwao ndivyo mtu mwenye adabu anavyoomba. Anayechagua huonekana ana majivuno. Basi miezi minane ikapita, na waliomwandikia ni wanaume wawili waliotaka kujua kama ameolewa. Mabosi, kama kweli walishinda huko, walishinda kimya.

Asubuhi moja ya Septemba akakuta Gerson, meneja wa kampuni ya kununua kahawa kule Kisongo, ameposti malalamiko. Kahawa ya Meru mlimani, mtambo uleule, wiki ileile: magunia mengine safi kabisa, mengine yana ladha ya siki na harufu ya kitunguu. Kwa nini? Wataalamu walishajaa hapo chini. Mmoja alilaumu udongo, mwingine mvua, na wa tatu, aliyevaa tai pichani, alileta mchoro. Elinipa alicheka mpaka chai ikampalia. Udongo gani unaoharibika mara moja kwa wiki? Akaandika bila kufikiri mara mbili:

"Si udongo, ni Jumapili. Wanachuma Jumamosi, wanamenya jioni, wanaiacha kwenye tanki ichachuke mpaka utelezi uachie. Siku ya kuiosha, kijiji kizima kiko kanisani. Jumatatu wanaikuta imepitiliza. Angalieni tarehe kwenye magunia."

Alipokwisha kutuma ndipo hofu ikamshika. Baba yake ni mzee wa kanisa, na yeye ametoka kuitaja ibada kuwa ndiyo ugonjwa wa kahawa, mbele ya watu wenye tai.

Siku ya tatu ukaja ujumbe wa Gerson. "Dada Elinipa, nimeona unatafuta kazi yoyote. Sina kazi yoyote."

Hakusoma zaidi. Vaileth akamnyang'anya simu, akasogeza kidole chini, akasoma kwa sauti: "Nina kazi moja, ya kuonja kahawa. Magunia yote mabaya ni ya Jumamosi. Njoo Ijumaa tukujaribu." Kisha akapiga kigelegele kilichosikika hadi duka la jirani, na Elinipa akawa analia na kucheka kwa pamoja, machozi akiyafuta kwa kitenge cha kuuza.

Ijumaa alifika Kisongo saa nzima kabla ya wakati. Akapangiwa vikombe sita. Alivuta kila kimoja kwa kijiko, kwa ile kelele ya waonjaji ambayo mama yake angemfinya kwayo mezani, akatenga viwili vyenye siki bila kusita. Gerson, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, akaangalia karatasi yake na kuitikia kwa kichwa. Halafu akaja na lililokuwa moyoni mwake.

"Kazi yako ya kwanza ni kwenda kuwaambia wale wazee wa mlimani wafanye kazi Jumapili. Utaweza?"

Kazi aliyoingoja miezi minane ilikuwa pale mezani, inataka neno moja tu, na neno lenyewe ni ndiyo. Elinipa alilitaka kwa roho yake yote. Likakataa kutoka.

"Hapana, bosi," akasema. "Hawatakubali, na mimi sitawaomba. Wachume mwisho Ijumaa asubuhi, wamenye siku hiyohiyo, Jumamosi waoshe. Jumapili waende zao kanisani."

Gerson akaikunja karatasi yake. "Na hilo nani atawaambia?"

"Mimi. Nitaanza na baba."

Gerson akavuta droo, akatoa koti jeupe na kumrushia. "Basi vaa. Kuna vikombe kumi na viwili vinapoa."

Elinipa akalivaa kwa furaha na haraka, hata kifungo cha kwanza akakiingiza kwenye tundu la pili. Hakukirekebisha. Vikombe vilikuwa vinapoa.