Swali la Nyumba Bila Ardhi

Maleka alilisoma jibu la Kaingu, akalirudia, kisha akaisukuma karatasi kwa hasira. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na mwongozo wa kusahihisha ulimtaka ampe sufuri.

Kazi yake ndiyo hiyo. Ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa mwisho, na mwalimu wake, Dakta Jared, alikuwa amemchukua awe msaidizi katika utafiti: je, akili unde yawasaidia wanafunzi wa sheria au yawapumbaza? Kundi moja lilijibu maswali kwa msaada wa mashine, jingine kwa vichwa vyao wenyewe. Maleka alisahihisha, na kila alipokutana na kesi iliyotungwa na mashine, yenye jaji na tarehe lakini isiyowahi kusikizwa popote duniani, alikata maksi bila huruma. "Mtu mzima na akili zako, waandika kesi hujaiona!" aliwafokea wenzake, nao wakainamisha vichwa.

Swali lenyewe lilihusu mtu aliyejenga nyumba mtaani Majengo, Mombasa, kwenye kiwanja cha mwengine, akilipa kodi ya ardhi kila mwezi, kisha akafa. Nyumba ni ya nani? Mwongozo ulisema ni ya mwenye ardhi, kwa kuwa kilichojengwa hufuata ardhi. Kaingu, aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyohiyo, aliandika kwamba Mombasa nyumba huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Watoto wa aliyejenga huirithi nyumba na kuendelea kulipa kodi ya ardhi. Hakutaja kesi hata moja. Aliandika kama mtu anayekuelekeza njia ya kwao.

Maskini Kaingu, maswali mengine yalikuwa yamemshinda. Maksi hizi ziliingia katika matokeo ya mwaka, na swali hili ndilo lililokuwa la kumvusha. Bila hilo angerudia mwaka mzima.

Nyumbani, mtaani Kuze, Maleka alimuuliza babake, Saifuddin, muuza misumari na rangi. Ukoo wao una kiwanja Majengo, na watu wamejenga humo tangu enzi za babu.

"Baba, zile nyumba ni zetu?"

Saifuddin alicheka hadi chai ikamwagika. "Zetu vipi, mwanangu? Ardhi yetu, nyumba zao. Nikenda kumtoa mtu kwenye nyumba aliyojenga babake, hapa mjini nitamuamkia nani tena? Na jambo hili lilishafika kortini zamani. Kwani huko mwasomeshwa nini?"

Kesho yake, Ijumaa, Maleka aliingia ofisini kwa Dakta. "Mwongozo huu ameuandika nani?"

Dakta Jared alipangusa miwani. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyelemewa na madarasa, na ripoti ilitakiwa Jumatatu. "Niliiachia mashine iutayarishe," alikiri. "Maleka, mimi si mtu wa hapa, mambo ya Majengo siyajui. Niletee kesi moja tu, nitaubadilisha, na Kaingu atapata haki yake."

Kesi moja tu! Kama aliyeagiza mahamri. Babake hakukumbuka hata jina la kesi aliyoitaja. Maktabani aliambiwa vitabu vya hukumu za zamani vimepelekwa kujalidiwa. Tovuti ya hukumu ilizunguka weee, ikakwama. Binamu yake Kaneez, aliye wakili, alikuwa safarini na simu haipatikani. Jumapili jioni, amechoka na roho imemkaa juu, Maleka aliiuliza mashine. Ikamjibu papo hapo, kwa adabu zake zote: kesi ya Mombasa, jina la mwenye nyumba, jina la mwenye ardhi, na maneno ya jaji yaleyale aliyokuwa akiyatamani. Moyo ulimtua. Aliinakili, akaituma kwa Dakta, wala hakuitafuta kwengine. Haki ilikuwa upande wake, na mwenye haki hamkagui sana shahidi anayemuunga mkono.

Jumatatu, Dakta Jared alimkabili na karatasi mkononi.

"Kesi hii haipo, Maleka. Nimeitafuta kila mahali."

Uso ulimuwaka. "Kesi haipo, Dakta, lakini sheria ipo! Muulize yeyote hapo nje. Na mwongozo wako pia umeandikwa na mashine, mbona wenyewe haukuombwa kesi?"

Dakta aliiweka karatasi mezani. "Ni kweli," alisema. "Lakini sasa sijui nimwamini nani. Swali nimeliondoa kwa wote, na ripoti imeshakwenda. Nimeongeza aya moja, kwamba hata msaidizi wa utafiti alinaswa. Jina lako sikuliweka."

Maleka alitoka bila kuaga. Alitamani kupiga ukuta teke. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na asiyekuwamo alikuwa amesimama pale ukumbini, mkoba begani, akimngoja.

"Maleka, salama? Nasikia swali la nyumba limeondolewa," Kaingu alisema. "Kwani nilikosea?"

"Hukukosea. Jibu lako lilikuwa sawa, lote."

"Sasa yawaje liondolewe? Nitarudia mwaka, wajua. Limeondolewa na nani?"

Jina la Dakta lilimjia mdomoni, na la mashine likaja nyuma yake. Kaingu alikuwa akimtazama bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza saa.

"Na mimi," Maleka alisema.