Anayekataa Wembe Jukwaani

Asubuhi hii mashine ya kukoboa mpunga inanguruma Lipangalala, mjini Ifakara, na Agnella Lyapembile anashindana nayo kwa sauti. "Sinyolewi mimi! Na huyu bibi hanyolewi!" anafoka, ungo wa mchele mkononi. Wabeba magunia wanacheka. Wamezoea, wanajua Jumamosi mwenzao ana onyesho.

Agnella, mwenye umri wa miaka 38, hupepeta mchele hapa mashineni na kuigiza katika kikundi cha maigizo cha mtaani kwao. Ujira wa kutwa unatosha unga na mboga. Jukwaa halimpi kitu zaidi ya nauli, na ukimuuliza anafuata nini huko, anakukazia macho mpaka ujute kuuliza.

Igizo lao linagusa jambo ambalo wenyeji wa bonde la Kilombero hawahitaji kuelezwa. Watoto wanakufa mfululizo kijijini, mjane mmoja anatajwa kuwa mchawi, na umati unataka apelekwe kwa mganga akanyolewe nywele zote na kunyweshwa dawa ili uchawi umtoke. Hata asiye na hatia hushauriwa akubali tu, yaishe. Agnella ndiye jirani anayeketi kwenye kigoda kando ya mjane na kugoma kuinuka.

Mwezi uliopita, kijijini Namawala, igizo liliwaponyoka. Watazamaji walianza kupiga kelele "Anyolewe!" kwa utani, kisha utani ukaisha. Wakasimama, wakasogea, na mmoja akarusha wembe wa kweli jukwaani. Waigizaji waliokuwa wakicheza umati wakatimua mbio.

"Niliogopa, nisikudanganye," anasema Agnella. "Lakini nikawaza, nikiinuka mimi, nimewaambia wana haki. Nikamshika mkono Ritha, yule anayecheza mjane, nikakaa."

Ndipo Mabula, mfugaji aliyekuwa amepita kijijini hapo kuuza maziwa, alipopenya katikati ya watu akaja kuketi chini kando yao, fimbo mapajani. Alikuwa hajawahi kuona igizo maishani mwake.

"Dada, hapa tunasubiri nini?" alimuuliza.

"Tunasubiri wachoke."

Wakachoka. Mmoja mmoja walirudi kukaa, wengine wakaenda zao bila kuaga. Tangu siku hiyo kikundi huweka jukwaani kigoda cha pili, kitupu, kwa mtazamaji yeyote atakayetaka kuja kukaa.

Jumamosi hii wanakwenda Mbingu, alikozaliwa Agnella, na hapo ndipo penye kazi. Miaka sita iliyopita mama yake mzazi, Bibi Rosa, alinyolewa huko, na hadi leo hatoki nje bila kilemba. Aliyembembeleza akubali yaishe ni mwanawe wa kwanza, Dionisi.

Dionisi alipopata habari za onyesho alimpigia mdogo wake simu. "Ukicheza hilo hapa kwetu, usiniite kaka tena," alimwambia.

"Nikamjibu: shikamoo kaka, Jumamosi nakuja," anasema Agnella, na ungo haujasimama. Inamuuma, hafichi. Ni kaka aliyemlea.

Jana jioni simu iliita tena. Safari hii alikuwa mama.

"Aliniuliza, hicho kigoda cha pili ulichonisimulia kina mwenyewe? Nikamwambia hakina, mama. Kisha akasema, basi niwekee. Nitakuja kukaa, na kilemba nitakiacha nyumbani."