Jiwe la Mama Mkwe

Vita vilipofika mjini kwetu Baraka tulikimbia kwa mtumbwi, mimi, mke wangu na mama mkwe, mpaka ufuko mmoja wa ziwa upande wa Kazimia usio na nyumba wala njia. Mchanga msafi, maji matamu, matete kila upande. Pahali pazuri pa kupumzika, ila usifike unakimbia risasi, na usije na mama mkwe.

Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, wala hamsemeshi ovyo. Nyumbani kuna kuta. Pale palikuwa na jiwe moja tu kubwa, nami nikila nyuma yake kama mwizi. Yeye akiangalia ziwa, mimi naangalia mlima, akigeuka, nageuka. Tuligeuka kutwa nzima kama samaki motoni.

Naye hakunipenda. Alishamwambia binti yake, nami nasikia: "Siku bwana yako atanikosea heshima, tunarudia kwetu sisi wawili." Nilimpenda sana mke wangu, kwa hiyo nilimwogopa mama yake kuliko askari.

Jioni moja mke wangu alienda kutafuta kuni. Mama mkwe alikuwa majini anasugua sufuria. Nikasikia kitu kinapumua, nikachungulia, Mungu anisamehe. Kiboko alikuwa anatoka kwenye matete, nyuma yake kabisa. Na mke wangu, wa kunipelekea maneno, hayupo! Nikaligeukia jiwe.

"We jiwe," nikasema kwa adabu, "mi nakuomba sana, ambia mama kama kiboko iko nyuma yake."

Mama mkwe aliendelea kusugua. "Jiwe, ambia ule muntu aache bongo."

"Jiwe, si bongo, si uongo! Iko nakuya!"

Kiboko akakoroma mwenyewe. Mama mkwe alitupa sufuria, akaja mbio, na pa kupanda palikuwa hapo hapo. Tulijibana juu ya jiwe mgongo kwa mgongo, macho nimeyafumba, huku kiboko akiikanyaga sufuria yetu taratibu na kurudi majini. Nikajua ndoa yangu imekwisha. Nimegusa mgongo wa mama mkwe, tena umelowa.

Mke wangu alirudi na kuni, akatukuta huko juu.

"Ni nini tena?"

Mama yake akakohoa.

"Jiwe," akasema, "ambia mutoto yangu mwanaume ashuke, akule. Leo ni mimi nitaangalia mulima."