Mkeka Uliopita Mdomoni mwa Mama

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini waliopigana na serikali, mikeka ya nyumba yetu ilipotandazwa juu ya ua wa miiba, huko upande wa Diff, nami nikaambiwa nichague mmoja. Nilikuwa msichana aliyeposwa, mwenye maringo yake. Usinicheke.

Amri ilikuwa imetoka kwamba watu wote wa porini wahamie kijiji kimoja chenye uzio, chini ya askari. Ngamia wetu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Alibaki punda mmoja, na punda habebi nyumba nzima. Baba akaamua: fito za nyumba, vyombo vya maji, na mkeka mmoja tu wa kuezekea. Itakayobaki hatutaiona tena.

Wewe umekulia mjini, Waberi, chini ya mabati, kwa hiyo nikueleze. Nyumba zetu zilikuwa mikeka minene juu ya fito zilizopindwa, na mapambo yake yalielekezwa ndani. Mpita njia aliona majani makavu tu. Uzuri ulikuwa wa waliolala humo.

Mikeka mizuri ilikuwa miwili. Mmoja mpya, nilioufuma mwenyewe kwa ajili ya harusi yangu, mwekundu na mweusi, unang'aa. Wa pili ulikuwa wa marehemu mama, mkuukuu, umekolea moshi. Nikaushika wangu bila hata kuwaza.

"Wa mama yako umeutazama?" akauliza Eeddo Habiba, dada wa baba, aliyenilea baada ya mama kufa.

"Nimelala chini yake tangu utotoni, eeddo. Naujua."

"Umelala, ndiyo. Sasa kaa uutazame."

Nikakaa, nimenuna. Askari aliyetusimamia, kijana wa bara, akaja mbio. "Nyinyi mnangoja nini? Mkeka ni mkeka! Chukueni mmoja twende!"

Eeddo hakuinuka. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, akayatoa yote: "Afande, ngoja kitogo. Hii mtoto naangalia kitu ya mama yake."

Siku hizo kumjibu askari hakukuwa mchezo. Yule kijana alitukodolea macho, akasonya, akaenda kuwaharakisha wengine.

Basi nikatazama. Mwanzo niliona wekundu na masizi, basi. Nikatazama tena, polepole, safu kwa safu, kutoka chini kwenda juu kama mfumaji alivyokwenda. Nikaziona kamba. Unajua kamba zile zilitoka wapi? Ni gome la mgunga, na wanawake walilitafuna kwa meno hadi likalainika. Mkeka ule mzima, mwanangu, mpana kuliko chumba hiki, ulikuwa umepita mdomoni mwa mama yangu.

Nikaendelea. Mkono wa mama ulibana, safu zimenyooka. Kisha ghafla, katikati, safu zikalegea na kupinda kama njia ya mbuzi. Mbele kidogo zikabana tena.

"Hapa pana nini, eeddo?"

Akacheka huku machozi yakimtoka. "Hapo ni mkono wangu. Mbaya, sivyo? Mama yako alikuwa ndani, kwenye arobaini. Mzazi hafumi. Nikamshikia kazi mpaka alipotoka."

"Uzazi wa nani?"

"Wako, mjinga wewe!"

Sijui nikuambieje. Miaka yote ile nilikuwa nimelala chini ya siku zangu za kwanza duniani, na sikuwa na habari. Na mkono wa mama uliporudi, uliacha fundo dogo hapa, fundo dogo pale, kila alipokatiza kazi aninyonyeshe, eeddo akanieleza. Niliyagusa mafundo yale moja moja. Wallahi, nilimwona mama.

Tukaufunga wa mama juu ya punda. Wangu ukabaki juu ya miiba.

Ule wa mama nao haukudumu. Kule kijijini mchwa waliula, mvua ikamalizia. Lakini nipe kijiti nikuchoree mchangani, nitakuonyesha mahali eeddo alipopokea na mahali alipoachia, na mafundo yote. Ule wangu, nilioufuma kwa mikono hii, siukumbuki hata pambo moja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiingia kwenye maonyesho ya michoro na ufundi, usivipite vitu vyote ukivipiga picha kwa simu. Chagua kimoja, kaa mbele yake mpaka uchoke, kisha kaa tena. Jiulize mkono ulibadilika wapi, na kwa nini. Kuna mtu humo ndani anakungoja. Mungu akujalie macho yenye subira, na kila kizuri ulichofanyiwa kwa mapenzi akuonyeshe ungali nacho. Amin.