Kimo cha Barabara Mbele ya Geti Lao

Nilihamia Iringa kutoka Mbeya kufanya kazi katika ofisi ndogo ya wasanifu wa barabara. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuchora mistari: wa katikati ya barabara, wa ukingo, wa mtaro. Kila mstari una nukta, na kila nukta ina kimo chake. Ukiipandisha nukta, programu inajaza udongo, ukiishusha, inachimba. Kwenye skrini hakuna vumbi wala kelele, kwa hiyo mtu anaweza kuchimba kilima kizima huku anakunywa chai.

Wakati huo tulikuwa tunasanifu barabara ya mtaa mmoja wa Kihesa, upande unaopanda mlimani. Niliushusha mstari ili magari yapande bila taabu, bosi wangu akaukubali, nikatumwa kwenda kukagua vigingi. Nilikuwa nimeinamia kigingi kimoja, mzee mmoja akafungua geti la mbao.

"Kamwene," alinisalimu.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Barabara itapita hapa hapa tulipo?"

Nikamwambia itapita chini kidogo. Akauliza hiyo kidogo ni kiasi gani. Nikaweka mkono usawa wa kifua changu, kumwonyesha kina cha udongo utakaoondolewa mbele ya geti lake. Aliutazama mkono wangu, kisha akageuka kutazama uani.

"Basi mama hatatoka tena," alisema.

Mama alikuwa mke wake. Tangu apate kiharusi alikuwa anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na mzee ndiye aliyekuwa akimsukuma hadi kanisani, au nje tu aote jua na kusalimiana na watu. Ngazi zingeweza kujengwa, lakini kwa kiti kile ngazi ni sawa na ukuta.

Alinikaribisha ndani. Bibi alikuwa barazani, blanketi magotini, maana upepo wa asubuhi kule unakata. Alizungumza polepole, upande mmoja wa mdomo ukimgomea. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Tukuyu. Mumewe akamweleza habari ya barabara kwa Kihehe. Akasikiliza hadi mwisho, halafu akanigeukia.

"Mwanangu, usije ukagombana na bosi wako kwa ajili yangu. Barabara ni ya watu wote."

Nilimeza chai niliyopewa, nikaaga.

Bosi wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliponisikiliza, alivuta kiti akakaa karibu yangu. "Fungua tuone."

Nikapandisha nukta mbili mbele ya nyumba yao. Mstari ukaota nundu kama ya ng'ombe. Magari yangeruka pale, na maji ya mvua yangetuama kwenye geti la jirani wa juu.

"Usipandishe mahali pamoja," alisema. "Anzia kule kwenye kona, upandishe kidogo kidogo."

Tukaanza upya. Kila tulipogusa nukta moja, nyingine ililalamika: hapa mteremko umezidi, hapa mtaro hautoi maji. Muda wa kula ukatupita. Mwishowe mstari ukatulia, na kile kina cha kifuani kikashuka hadi chini ya goti. Lakini ng'ambo ya barabara, upande wa bondeni, tuta sasa lilifika nusu ya uzio wa mama mmoja mfuga kuku.

"Huyo lazima akubali," bosi alisema. "Akikataa, tunarudi kule kule."

Kesho yake tukaenda wote wawili. Mama wa kuku alitusikiliza amejishika kiuno. Nikamwambia atajengewa ukuta wa mawe kuzuia udongo, ila wapita njia watakuwa wanaona mpaka uani kwake.

"Wataona nini? Kuku?" Akatazama geti la ng'ambo. "Nilipojifungua mara ya kwanza, yule bibi ndiye aliyenionyesha namna ya kumwogesha mtoto. Pandisheni."

Barabara ilijengwa mvua zilipokwisha. Haikutoka sawasawa na tulivyochora, lakini ilikaribia, na mafundi wakamwaga zege kutoka getini hadi barabarani, mteremko mwepesi. Lilipokauka nilikuwepo. Mzee alimshusha mkewe kinyumenyume, hatua kwa hatua, hadi magurudumu yakagusa lami. Akasimama kuvuta pumzi. Nilidhani bibi ataomba apelekwe kanisani. Akasema anataka sokoni. Siku zote hizo mumewe ndiye aliyenunua maharage, na maharage hajui kuyachagua.

Nikawasindikiza. Njia nzima walibishana kwa Kihehe, mzee akicheka. Sokoni, muuzaji aliinua sado, kopo lake la kupimia, lenye maharage akamwekea bibi mapajani. Bibi akaingiza ndani mkono wake wenye nguvu, akayaachia yapite katikati ya vidole, akayakagua.

"Haya ni ya mwaka jana," alimwambia mumewe. "Nisukume mbele."