Salamu za Mzee wa Laela

Seva yetu ilikaa miaka mingi kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Karani alikifuma mwenyewe. Alisema hata televisheni ya kwao hufunikwa. Kampuni yetu inanunua mahindi, na barua pepe zote kati ya ofisi ya Sumbawanga na maghala ya nje zilipitia kwenye mashine ile. Umeme ukikatika, barua hamna. Panya akitafuna waya, barua hamna. Bosi alipokubali tuhamie kwenye wingu, yaani barua zitunzwe kwenye mitambo ya watu wengine huko mbali, sisi tuzifungue kwa intaneti tu, mimi fundi wao wa kompyuta nilitembea ofisini kifua mbele kama vile wingu lenyewe nimelijenga mimi.

Wakati wa kuhamisha ndipo nilipoona tulichokuwa tunakitunza. Salamu tupu. Bingwa wa salamu hizo alikuwa mzee anayetunza ghala letu la Laela. Huyu hakuandikii habari za magunia kabla hamjajuliana hali. Asubuhi anatuma kwa ofisi nzima: "Mmeamkaje huko?" Kisha anangoja. Karani akijibu kwamba tumeamka salama, ndipo inakuja barua ya pili, yenye taarifa ya mahindi. Asipojibiwa, mahindi nayo yananyamaza.

Mimi sina subira, nakiri. Nilipogundua mtambo mpya unaweza kuchuja barua, nikauagiza hivi: ujumbe wowote unaotumwa kwa wote, usiozidi maneno matano na usio na kiambatisho, uende moja kwa moja kwenye folda ya takataka. Sikumwambia mtu. Wanasema ujanja mwingi mbele kiza, lakini wiki ile mimi niliona mwanga tu.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Bosi alifurahi jinsi sanduku lake la barua lilivyo safi, akanisifu mbele ya watu, nami nikapokea sifa zangu bila aibu yoyote. Jumatano akauliza taarifa ya Laela iko wapi, akampigia mzee simu. Mzee alimjibu kwa adabu kwamba anakuja mwenyewe, akakata.

Alhamisi niliitwa ofisini kwa bosi. Mzee alikuwa ameketi na koti lake zito, hajalifungua hata kifungo kimoja. Mezani mbele yake kulikuwa na funguo zote za ghala.

"Nilisikia mtapunguza watu," alikuwa anamwambia bosi. "Sikujua mnaanza kwa kumnyamazia mtu. Basi funguo hizo."

Bosi alinitazama, hakuelewa kitu. Mimi nilielewa papo hapo. Nikageuza kompyuta ya bosi ili wote waone, nikafungua ile folda. Barua zake zilikuwa zimejipanga kwa siku.

Jumatatu asubuhi: "Mmeamkaje huko?"

Jumatatu mchana: "Hamjambo lakini?"

Jumanne: "Kuna msiba?"

Jumatano, kabla jua halijachomoza: "Nimewakosea nini?"

Bosi alivua miwani yake akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Nani amezitupa huku?" mzee aliuliza.

Ningeweza kuusingizia mtambo. Wingu halijitetei, na hakuna mwingine pale ofisini ambaye angejua. Nilifikiria hivyo kabisa, siwezi kudanganya.

"Ni mimi, mzee. Niliona zinajaza nafasi bure."

Mzee hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Binti, una miaka mingapi hapa?"

"Sita."

"Miaka sita. Kwenye hizo kompyuta zenu hamna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniamkia. Nikasema basi, mkubwa nitaanza mimi, mradi tusalimiane. Hata hiyo ikawa nyingi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tangu niingie chumbani mle, hata yeye akiwa amekaa mbele yangu, sijamwamkia. Nikapiga goti kidogo, nikampa shikamoo yake.

Alichukua kwanza funguo zake mezani, akazitia mfukoni, kisha akasema marahaba.